Nimelipa Mara Mbili na Sijuti

Moca,
Jumatano ya baada ya Pasaka

Dada yangu mpenzi Zunilda,

Kwanza naomba baraka zako, kama mama alivyotufundisha tuombe kabla hata ya kuulizana tumeamkaje. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na baridi ya huko ng'ambo, Bronx, imeanza kulegea. Nurys hajambo? Bado anatoka kazini amechoka hoi? Nisalimie sana mtoto huyo, mwambie mama yake mdogo anamkumbuka. Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha vizuri, kuku wa uani ameangua, na jirani yetu wa mkono wa kulia amenunua redio kubwa kuliko nyumba yake, kwa hiyo mtaa mzima unasikiliza anachotaka yeye.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Jumatatu ulinikatia simu, na jana hukupokea kabisa. Barua haikatiki katikati. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza. Nimempa rafiki yetu Fior akuletee mkononi, maana alikuja kula Pasaka huku kwetu na anarudi huko Jumamosi. Usimgombeze. Yeye ni mbebaji tu.

Najua ulichosikia. Yokasta, mke wa mwanangu Wilkin, amekupigia akakwambia kwamba mama mkwe wake amechanganyikiwa, kwamba amelipiwa hoteli nzuri pwani, kitanda, chakula, vinywaji na kila kitu, na badala ya kushukuru akawaaibisha mbele za watu. Mengine ni kweli, wala sikatai. Lakini Yokasta hakukwambia yote, na wewe nawe kuna jambo hukuniambia. Hukuniambia kwamba umeshampa Wilkin neno lako nyumba ya mama iuzwe. Nyumba hii ni yetu wawili, dada. Neno lako bila langu haliuzi hata bawaba ya mlango, na langu hampati. Naliweka hili mwanzoni kabisa ili usome ukijua tunazungumza nini.

Mambo yalianza Kwaresima, siku Wilkin na Yokasta walipokuja kunitembelea. Walitaka kunipeleka pwani Wiki Kuu. Nilifurahi sana, nikasema basi tukodi kijumba karibu na maji, tuwe tunakula tunachokikuta. Leo samaki, kesho mkate wa kukaanga, keshokutwa tusipojisikia kula, tusile. Unakula, unalipa, unaondoka. Wilkin akacheka, akasema huo ni utalii wa watu wenye shida, wa kwenda ufukweni pochi imefichwa kifuani na kuulizia bei ya kila soda. Yeye alitaka hoteli ya kulipia kabla, ile watu wanayoiita kila kitu kimo. Unalipa mara moja, unavalishwa bangili ya plastiki mkononi, basi. Akanionyesha picha kwenye simu. Akasema huko sitatoa hata senti, nitanyoosha mkono tu. Nikamuuliza, na nisipokuwa na njaa? Akanijibu kwamba nitakula tu, si kimeshalipiwa! Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Yokasta naye akaongeza kwamba kule hata ukitaka soseji saa tisa mchana unaipata. Nikamwambia, binti yangu, siku nikishikwa na hamu ya soseji saa tisa mchana wakati wa Kwaresima, nipelekeni kwa padri, si hotelini. Alinuna. Lakini mwisho nilikubali, kwa sababu Wilkin alinishika mkono akasema, "Mama, umepika maisha yako yote, sasa acha upikiwe." Nani angemkatalia mwanawe neno kama hilo? Nilikubali kwa moyo mweupe.

Alhamisi Kuu nilipika maharage matamu ya Pasaka, ndani yake tui la nazi, viazi vitamu, mdalasini, karafuu, zabibu kavu, kila kitu kama mama alivyopika, na kwenye sufuria lake lile lile. Unakumbuka siku hiyo inavyokuwa. Bakuli linakwenda kwa jirani, bakuli la jirani linakuja, kila mwanamke anaonja la mwenzake, anasifu kwa mdomo, na moyoni anajua lake ndilo bora. Fior alikuja akala mabakuli mawili, akakaa nami jikoni mpaka jua likazama, tukazungumza. Hayo tuliyozungumza nitayafikia. Basi Ijumaa asubuhi Wilkin alipokuja kunichukua, nikapakia sufuria kwenye gari, limebaki nusu, nimelifunga kwa kitambaa. Wilkin aliliangalia mara moja akawasha gari. Labda alidhani ni nguo.

Langoni mwa hoteli mlinzi akalifungua lile furushi akatikisa kichwa. Chakula cha nje hakiingii, mama, ndiyo sheria ya hapa. Nikamwambia hiki si chakula, hii ni Pasaka. Mtu mzima yule, ana mvi kama mimi, akainamisha uso juu ya sufuria akavuta harufu, akasema mke wake alikuwa anapika nyumbani saa hiyo hiyo na yeye yuko langoni tangu alfajiri. Alinionea huruma lakini sheria si yake. Basi tukiwa tumesimama pale, nyuma yetu magari yanapiga honi, mwanangu wa kumzaa akanigeukia akasema, "Mama, mwaga hapo tu! Ndani kuna kila kitu!"

Mwaga. Maharage matamu, Ijumaa Kuu, pembeni mwa barabara. Dada, nimetukanwa katika maisha haya, hata na wewe umeshanitukana, lakini neno lile lilinichoma. Nikateremka. Nikakaa kwenye ukuta mfupi wa maua, nikamwomba mlinzi vikombe, akaniletea vya karatasi. Nikaanza na yeye. Muda si muda wakatoka wanawake wa usafi waliomaliza zamu, na madereva wa bodaboda waliokuwa wanawasubiri, kila mmoja nikamchotea. Wanawake wale walikuwa wametandika vitanda vya wageni Ijumaa Kuu nzima, hawajaonja hata kijiko cha Pasaka yao. Mmoja akaniambia karafuu zimezidi. Nikamjibu kwamba yake bila shaka ni maji ya kuoshea sufuria, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba aongezewe. Wilkin alikaa garini vioo juu, kiyoyozi kinaunguruma, anajitia kusoma simu. Sufuria lilipokwisha nikaliosha kwenye bomba la bustani, nikaingia nalo. Sufuria tupu halikukatazwa.

Nitasema haki, maana sitaki useme namsingizia mwanangu. Kitanda kilikuwa kizuri. Maji ya bafuni yalikuwa ya moto. Aiskrimu yao niliila mara nyingi kuliko ninavyotaka ujue. Lakini kwenye ukumbi wa chakula, dada yangu, niliona mambo. Watu wanajaza sahani mpaka zinamwagika, wali juu ya tambi, tambi juu ya kuku, keki juu ya yote, halafu wanakula vijiko vitatu na kwenda kuchukua sahani nyingine. Hakuna aliyekuwa na njaa. Walikuwa wanarudisha hela zao. Wilkin ndiye aliyekuwa kiongozi. Alikula kwa hasira, kama anagombana na mwenye hoteli, na kila nilipoweka kijiko chini ananisukumia sahani, kula mama, kimeshalipiwa. Jumamosi asubuhi alikuwa amelala ameshika tumbo, Yokasta anamchemshia majani. Na hayo waliyoyaacha watu mezani yalifagiliwa yote pipani, mbele ya macho ya wale wanawake niliowapa vikombe, maana hawaruhusiwi kugusa.

Pale ukumbini walikuwa pia na bakuli la maharage matamu, limewekwa katikati na kupambwa kwa majani ya mnanaa. Nilionja. Nilirudisha kijiko polepole.

Ijumaa hiyo hiyo Wilkin alitaka niingie baharini. Nikamkumbusha kwamba watu wa rika langu hawaogi baharini Ijumaa Kuu, tulikwishaambiwa utotoni kwamba anayeoga anageuka samaki. Akasema bahari nayo imelipiwa. Nikamwambia basi aende ageuke yeye, pesa isipotee.

Jumamosi, yeye akiwa kitandani, nilitembea ufukweni mpaka pale hoteli inapoishia kwenye kamba. Upande wa pili wa kamba ni ufukwe wa watu wote, kuna vibanda na moshi. Kibanda cha kwanza ni cha Minga, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani. Kwake unachagua samaki kwenye barafu, anakutajia bei, unamwambia ana wazimu, anakwambia rudi hotelini ukale vya bure, unacheka, anapunguza kidogo, ndipo mnaelewana. Alipoona namkagua samaki mashavu akaniuliza kama najua kupika au najua kusumbua tu. Nikamjibu yote mawili. Akanipa kisu. Nikapaa magamba samaki wangu mwenyewe, nikamtia kitunguu saumu na ndimu kama tunavyofanya nyumbani, tukakaanga pamoja, na ndizi mbichi pembeni, zilizopondwa na kukaangwa tena. Nilikula kwa vidole. Dada, nilikuwa na njaa! Tangu tufike hotelini nilikuwa sijasikia njaa, na sikujua kwamba naikumbuka mpaka iliponirudia. Nilitoa pesa kifuani nikalipa, na nililipa kwa furaha.

Wilkin alinikuta pale mafuta yanachuruzika mkononi, juu ya ile bangili yake. "Mama, unalipa mara mbili!" Alisema kama vile amenifumania naiba. Nikamwambia ndiyo, na kesho nitalipa mara mbili tena, na keshokutwa nikiwepo. Minga akamwambia, kaka, kaa chini uache kelele, tumbo lako linasikika mpaka hapa. Akakataa kukaa. Akasimama, akameza mate. Mwishowe akachukua kipande kimoja, akala wima, akachukua cha pili. Nilitaka kumkumbatia wakati ule. Sikumkumbatia, kwa sababu alipomaliza kufuta vidole alianza tena kuhusu hesabu.

Sasa Jumapili ya Pasaka. Tulikuwa kwenye chakula cha mchana, ukumbi umejaa, watoto wanakimbia, Wilkin akasafisha koo. Akasema yeye na Yokasta wamefikiri sana. Nyumba ya Moca ni kubwa kwa mtu mmoja, ni ya zamani, na mimi nilianguka bafuni mwezi wa Januari, jambo ambalo ni kweli. Wameniandalia chumba kwao, katika mji mkuu, ghorofa ya tisa. Kuna lifti. Kuna mwanamke wa kupika na kufua. Kuna daktari jengo hilo hilo. Nyumba ikiuzwa, fungu langu litalipia yote hayo kabla, sitahangaika na kitu tena. Akatabasamu akasema, "Mama, huko kila kitu kimo."

Nikamuuliza kama kuna jiko la kupikia. Akasema lipo, lakini ni la yule mwanamke. Yokasta akadakia kwamba jiko sitalihitaji. Nikauliza, na nikitaka kutoka kununua kitunguu? Akasema vitunguu vinaletwa. Nikauliza, na asubuhi nikiamka, nitaamka kwa ajili ya nini? Wilkin akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata mama mkubwa Zunilda amekubali, amemwambia yeye mwenyewe anaishi hivyo huko kwa Nurys na anaishi kama malkia.

Kisha nilisema jambo moja pale mezani, ambalo nitakwambia sasa hivi. Nilipokwisha kulisema nikachukua kisu cha nyama, nikaikata ile bangili, nikaiweka kando ya sahani yangu, nikaaga vizuri kabisa. Watu wa meza tatu waligeuka. Yokasta alificha uso kwa kitambaa. Hiyo ndiyo aibu uliyoelezwa. Nikabeba mfuko na sufuria, nikapita ufukweni, nikala Pasaka yangu kwa Minga, na kaka yake akanipeleka kwa bodaboda mpaka kituo cha basi. Usimchukie Wilkin, na mimi simchukii. Anaogopa siku moja atanikuta sakafuni, na hofu hiyo ni mapenzi. Lakini mtu hawezi kuniwekea maisha yangu yote mezani leo, yamepoa, eti kwa kuwa anaogopa kesho.

Sasa nisikilize, dada, maana hapa ndipo penyewe.

Fior alinieleza Alhamisi ile jikoni. Usimkasirikie, alikuwa analia. Alinieleza kwamba Nurys aling'oa vitufe vya kuwashia jiko siku uliposahau sufuria motoni, na tangu hapo huruhusiwi kuwasha. Kwamba chakula chako kinaletwa na gari, kwenye visahani vilivyofunikwa kwa nailoni, kimelipiwa mwezi mzima kabla, na unakula vijiko vitatu kisha unamwambia Nurys umeshiba. Kwamba siku moja Fior alikuja akakukuta umesimama jikoni peke yako umeshika kitunguu. Hukimenyi. Unakinusa tu.

Zunilda, wewe! Wewe uliyekuwa unanichapa kwa mwiko nikikoroga vibaya! Umekaa miaka kwenye simu unaniambia kwamba huko ni raha tupu, na mimi nakuamini, namsimulia kila mtu. Halafu mwanangu anakuja kukuuliza kama maisha hayo yanafaa, na unamwambia yanafaa, unaishi kama malkia! Nimekukasirikia sana. Nimekulilia pia, siku hiyo hiyo. Ulimdanganya ili usimwaibishe Nurys, naelewa, lakini uongo huo ungenifungia mimi mlango kwa nje.

Basi nami nimedanganya. Ndilo jambo nililosema pale mezani, na sasa naliungama kwako kabla hujalisikia kwa mwingine. Nilimwambia Wilkin kwamba nyumba haiwezi kuuzwa kwa sababu mama yake mkubwa Zunilda anarudi Desemba kuishi hapa. Nikasema uliniambia wewe mwenyewe kwenye simu. Nikasema tutakuwa wawili, mmoja akianguka bafuni mwenzake atapiga yowe, na yowe lako linafika mpaka kanisani. Wilkin alipauka. Akasema hukumwambia hivyo. Nikamwambia kwa sababu wewe unaniambia mimi kwanza, ndivyo walivyo dada. Nimeshamwambia na padri, na jirani wa redio, na Minga, ambaye anasema atakuja kukuona na samaki wake kwenye barafu. Sikuombi msamaha. Ningeliweza ningelisema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Wilkin atakupigia simu Jumapili hii baada ya misa, kukuuliza kama ni kweli. Najua ni vigumu kuanza upya kwa umri wetu, na Nurys atalia, na huku umeme bado unakatika na watu bado ni wambeya. Unaweza kumwambia kwamba mdogo wako ni mwongo. Utakuwa umesema haki, nami nitaikubali aibu hiyo, na bado nyumba sitaiuza. Lakini usimjibu anachotaka yeye, wala anachotaka Nurys, wala ninachotaka mimi. Jiulize kwanza una njaa ya nini, kisha ndipo upokee simu.

Wasalimie wote wa mtaa huo wanaotukumbuka, na mwambie Nurys hii si lawama juu yake. Goti ulipake mafuta ya karafuu kila jioni. Nakubusu mikono yote miwili na naomba baraka zako tena, hata kama umenikasirikia.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi kama ulivyonilea,

Eneida